Sura ya Saba: Mgonjwa wa Nyumba Namba 27

Siku ya tisa Mzee Tiki alikuwa bado anasema neno lile lile, na Inspekta alikuwa ameshaanza kulichukia.

"Haikutoka."

"Mzee wangu, pikipiki haiyeyuki."

"Sijasema imeyeyuka, mwanangu. Nimesema haikutoka getini kwangu."

Saa mbili asubuhi hiyo, chumba cha mahojiano, meza moja yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha kandambili kisiyumbe. Mzee amekaa wima kama yuko kazini. Shati la ulinzi lilishapoteza vifungo viwili humo mahabusu, lakini kola bado kaikunja vizuri. Kesho yake asubuhi alikuwa anapandishwa mahakamani, kosa la kumsaidia muuaji kutoroka. Na Inspekta, huko moyoni, alikuwa anajua kabisa mzee huyu hajamsaidia mtu. Kulithibitisha sasa! Siku tisa hajapata hata pa kuanzia.

Jina la Tiki alipewa na watu wa mtaa wenyewe. Miaka ishirini na miwili ameshika geti la ule mtaa wa nyumba arobaini, na kila gari linalotoka analikagua, anaandika namba zake kwenye daftari, halafu pembeni anaweka tiki ya wino mwekundu, safi, mkia umenyooka. Watu walikuwa wanamtania kwamba hata akila lazima aweke tiki. Yeye anacheka tu. Tiki zile ndizo zilikuwa cheo chake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mchana kweupe, saa sita na dakika mbili, muuguzi anatoka zamu, anatembea pembeni ya barabara nje ya geti. Pikipiki nyekundu isiyo na namba ikamzoa. Aliyeendesha, kofia ngumu imemfunika uso mzima, badala ya kunyoosha akapenya ndani ya mtaa, maana geti lilikuwa wazi watoto wa chekechea wanavuka. Mzee Tiki akafunga geti, akapuliza filimbi, na yeye mwenyewe, kwa simu yake ya batani, akawapigia polisi. Polisi wakachukua dakika hamsini kufika. Wakapekua nyumba zote arobaini, mpaka ndani ya matangi ya maji. Hakuna kitu. Ukuta unazunguka mtaa mzima, urefu wa watu wawili, juu vipande vya chupa. Jioni muuguzi akafariki.

Katika zile dakika hamsini yalitoka magari manne, yote ya familia, na yote yana tiki.

"Tuyarudie," Inspekta akasema.

"La kwanza, Muuza Mikate. La pili, Daktari wa Meno na mkewe. La tatu, mabinti wa namba kumi na moja, wanaenda saluni. La nne, Mama Mshonaji wa namba ishirini na saba na kaka yake kachuchumaa nyuma ya dada yake, wamempakia mgonjwa."

"La nne ulilikagua?"

"Tiki ipo."

"Nimekuuliza wewe, sijaiuliza tiki."

Mzee akakitazama kile kipande cha kandambili. "Nililikagua. Shangazi wa watu amelazwa kule nyuma, kafunikwa shuka mpaka kichwani, wanasema mwanga unamuumiza. Nikamshika mguu kumpa pole. Maskini, mguu umekauka kama fimbo, na homa sasa! Anawaka, mwanangu, mpaka nimeutoa mkono. Mpaka leo namwombea kila nikilala. Hivi anaendeleaje?"

"Sijui, Mzee."

"Uniulizie."

Inspekta akaandika kwenye kijitabu chake: gari la nne, limekaguliwa, mgonjwa, homa. Na pembeni, bila hata kufikiri, na yeye akaweka tiki.

* * *

Tumaini lake lote lilikuwa kwa Muuza Mikate, kwa sababu moja tu. Gari lake lilikuwa kubwa kuliko yote, lile la viti vya safu tatu, na safu mbili alishazing'oa miaka mingi. Mle ndani ungeingiza ng'ombe.

Inspekta alimkuta anasugua mabati ya mikate uani. Alipofungua mlango wa nyuma harufu ya mafuta ikampiga usoni, na sakafuni doa jeusi, pana kama sinia. Akapiga magoti, akalisugua kwa kidole, akanusa.

"Onja kabisa, Afande," Muuza Mikate akamwambia. "Hayo ni ya kupaka mabati. Mke wangu amenipigia kelele juu ya hilo doa mpaka kachoka."

"Siku ile ulipotoka ulikuwa umebeba nini?"

"Mikate. Sasa ningebeba nini, matofali? Mikate ya shule ya bweni. Mpishi mkuu aliipokea saa sita na nusu, akasaini, akanilalamikia kwamba imebonyea, kama kawaida yake. Mpigie. Halafu uniambie, pikipiki ningeiweka juu ya mikate au mikate juu ya pikipiki?"

Inspekta akapiga simu pale pale. Mpishi mkuu akakumbuka kila kitu, mpaka ile mikate iliyobonyea. Basi, tumaini la siku tisa likafa uani kwa mtu, katikati ya mabati.

Muuza Mikate akamwonea huruma. "Lakini Afande, na wewe nani kakwambia pikipiki inataka gari kubwa? Kamuulize Fundi Nati kule barabara ya pili. Mwezi uliopita ameingiza ya shemeji yangu kwenye kigari hata mimi nikikaa magoti yananigusa kidevu."

* * *

Fundi Nati alikuwa mwanamke mfupi, mabega ya mbeba magunia, ovaroli limelowa grisi mpaka huwezi kujua rangi yake ya kwanza. Alilizunguka gari la Inspekta mara mbili. Gari dogo la kawaida kabisa, milango minne na ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kwenye dashibodi kuna soksi ya mtoto.

"Kwa hili? Wala sihangaiki."

"Utanionyesha?"

"Utanisaidia kunyanyua? Maana kucha zako naziona."

"Nyanyua, nitafuata."

Mteja mmoja alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki yake, kaileta kubadilisha oili. Fundi akaiomba, mteja akakubali kwa kushangaa, akavuta kopo akakaa kama yuko sinema. Inspekta akaangalia saa.

Kwanza Fundi akalaza kiti cha nyuma. Kisha akaingia na spana namba kumi na nne, nati nne za kiti cha mbele cha abiria, krik krik krik, kiti nje. Akarudi kwenye pikipiki: ekseli ya mbele, tairi la mbele nje. Bolti za usukani akazilegeza, usukani akaukunja ukalala juu ya tangi. Mafuta akayanyonya kwa mpira, akayatema, akaendelea.

"Petroli ukiiacha inanuka wiki nzima. Asiyejua atailaza hivi hivi imwagikie kapeti. Haya, shika kule nyuma. Sio hapo! Hapo. Moja, mbili..."

Wakaisukuma kwa mlango wa nyuma, ubavu ubavu, uma za mbele, zile zinazoshika tairi, zikapita pale kilipokuwa kiti cha abiria zikasimama chini ya dashibodi. Kipini cha usukani kikakwaruza kitambaa cha dari, *traa*, kikaacha mchaniko wa urefu wa kidole.

"Samahani kwa dari lako. Hapo huwa panachanika kila mara, labda uvue na vipini."

Mlango wa nyuma ukafungwa. Ukafungwa vizuri kabisa, bila hata kusukumwa kwa makalio. Dakika kumi na tisa.

"Na watu watatu wenye haraka?" Inspekta akauliza.

"Kumi na mbili. Woga unaongeza mikono."

Inspekta akavuta turubai la Fundi, akafungua mlango wa nyuma, akaifunika pikipiki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Chini ya turubai palikuwa na kitu kirefu, kichwa kimoja kikubwa, bega, na kule mlangoni kitu chembamba kimejitokeza kama mguu.

Akaunyoosha mkono akakishika.

"Ah!" Akautoa mbio, vidole mdomoni.

"Ekzosi hiyo dada, utaungua! Ikitoka barabarani nusu saa bado ina moto."

Inspekta akakaa juu ya bampa ya gari lake. Vidole vinamuuma, na masikioni anamsikia Mzee Tiki. Umekauka kama fimbo. Anawaka, mwanangu, mpaka nimeutoa mkono.

Mteja kwenye kopo akacheka. "Afande ameungua halafu amefurahi."

Hakuwa amefurahi hata kidogo. Maana kama pale chini ya shuka hapakuwa na shangazi, basi Mzee Tiki hakulifunua lile shuka. Na kama hakulifunua, tiki ya gari la nne ilikuwa ya uongo.

* * *

Nyumba namba 27 ilijaa cherehani na vitambaa. Mama Mshonaji hakuinuka. Mguu unaendelea kukanyaga, sindano inaendelea kula kitambaa cha bluu, sare za shule.

"Karibu Afande. Usikanyage hizo pini."

"Shangazi yako anaendeleaje?"

"Hajambo. Amerudi kwao."

"Wapi?"

"Mbali. Hana simu."

"Na kijana wako? Siku ya msako sikumwona."

Cherehani ikakosa mshono mmoja. "Amepata kazi. Mbali vilevile."

"Naomba kuliona gari."

Lilikuwa uani, dogo kama la Inspekta, limeoshwa likang'aa. Kapeti la ndani limefuliwa, linanuka sabuni na ndimu. Inspekta akalala kifudifudi kwenye mlango wa abiria. Nati nne za kiti, tatu zina kutu na mikwaruzo mipya pembeni, ya nne haipo kabisa. Akageuka chali. Akatazama dari.

Alilitafuta kwa dakika nzima kabla hajaliona. Kitambaa cha dari kilikuwa kimechanika urefu wa kidole, juu ya kiti cha abiria, na kilikuwa kimeshonwa. Sio gundi, sio plasta, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Ni mshono wa kuficha, uzi wa rangi ile ile, hatua ndogo ndogo kama punje za mtama, kiasi kwamba ilibidi aupapase kwa kidole ndipo auamini. Mtu mwingine yeyote angeuacha ule mchaniko, na mchaniko peke yake usingesema kitu. Huyu hakuweza kuuacha. Mikono yake ilikataa.

"Kazi nzuri," Inspekta akasema, bado kalala chali.

Mama Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni.

"Pikipiki iko wapi, mama?"

"Pikipiki gani?"

"Uliyoilaza hapa ukaifunika shuka. Wewe, kaka yako na mwanao mkaipakia dakika kumi na mbili, halafu yeye akatoka kwa miguu, maana uso hakuna aliyeuona. Kiti hiki mkakiacha wapi?"

Mwanamke akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kuchoka. "Sebuleni. Nikakivalisha foronya. Siku ya msako Afande ulikikalia wewe mwenyewe, nikakuletea maji ya kunywa."

Inspekta akakumbuka. Kiti kifupi, kimeinama kwa nyuma. Alisifia kabisa, akasema kina raha. Uso ukamchoma.

"Yule muuguzi alikuwa na wadogo zake wanne anawalea," akasema.

"Najua. Mmoja nilikuwa namshonea sare." Sauti ikakatika, akaiunga. "Alikuja anatetemeka, Afande. Mwanangu. Ameazima pikipiki ya watu siku mbili tu, hajui hata kuishika. Ananiambia mama nimeua. Wewe una mtoto, nimeona soksi kwenye gari lako. Ungefanya nini?"

Inspekta akajiinua kutoka kwenye kapeti. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasemaje? Mimi nimekwambia wewe, tuko wawili hapa. Kiti nilikitoa nikifue. Dari lilichanwa na ngazi. Kaka yangu ni bubu kama ukuta. Na gari hili," akasogea, akaongea polepole, kama mtu anayepima nguo kwa mteja, "lilikaguliwa. Daftari liko kwenu. Mzee mwenyewe, mtu ambaye mtaa mzima unajua hadanganyi, ameandika limekaguliwa. Tiki ipo."

"Huyo mzee kesho anapandishwa mahakamani kwa ajili yenu."

"Nasikia." Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Kila siku nasema leo nitaenda niseme. Nakaa kwenye cherehani, nakanyaga, giza linaingia."

* * *

Mkuu wa kituo alimsikiliza Inspekta akiwa anakula karanga, moja moja.

"Mshono," akasema. "Nati. Vidole vyako vilivyoungua. Wakili wake atacheka mpaka akae chini. Ukaguzi wa geti unasema gari safi."

"Mzee hakulikagua. Aliona mgonjwa, akaona haya kumfunua."

"Aseme hivyo."

"Akisema?"

"Akisema, nalikamata lile gari leo hii, na mama, na kaka. Kijana tutamtafuta, ingawa siku tisa ni nyingi, huko alipo atakuwa ameshaota ndevu." Akapuliza maganda. "Na mzee atakuwa amekiri kuandika ukaguzi wa uongo kwenye kesi ya mauaji. Kampuni yake wameshaniambia, wakisikia hivyo, wanamfukuza, na kale kachumba wanachompa cha nyuma ya geti anatoka. Na kifungo kinaweza kuwepo, kidogo."

"Na asiposema?"

"Magari yote yamekaguliwa, pikipiki imetoka, basi aliitoa yeye. Kifungo kikubwa. Nikusaidie nini, Inspekta? Njia ni hizo mbili, zote mbovu."

* * *

Saa kumi jioni wakamleta tena kwenye ile meza ya kandambili. Alikaa wima. Kifungo cha tatu cha shati nacho kilikuwa kimeondoka.

Inspekta alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani. Yote yakampotea.

"Mzee. Lile shuka hukulifunua."

"Nili..."

"Baba." Hakuwahi kumwita hivyo. "Ule mguu ulikuwa bomba la ekzosi." Akamwekea vidole vyake mezani, malengelenge mawili, na kimoja kimeshapasuka.

Mzee Tiki akavitazama vile vidole. Kule korido mtu alikuwa anapiga mluzi, ndoo inaburuzwa.

"Kwa hiyo yule shangazi..."

"Hakukuwa na shangazi."

"Hakuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Nimemwombea siku tisa," akasema. Halafu akacheka, kicheko kidogo kikavu, na kicheko kilipoisha mdomo ukabaki wazi. "Mama Mshonaji anatoka jasho, ananiambia, baba fungua tunamkosa. Sasa mtu utamfunua mgonjwa wa watu, mwanamke, utazame nini? Nikafungua. Nikavua kofia kabisa. Kofia nimemvulia pikipiki."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Niseme nimeweka tiki bila kuangalia?" Akamshangaa kabisa, kama ameambiwa atembee uchi. "Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Nikisema moja ni ya uongo, na zile nyingine zote nani ataziamini?"

Inspekta akamweleza zile njia mbili, zote, bila kupunguza. Kachumba. Kampuni. Kifungo hiki na kifungo kile. Akamweleza na habari ya kijana, kwamba huenda hata hawatampata. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa, kama anapewa maelekezo ya zamu.

"Na wale wadogo zake muuguzi," akauliza, "wao wameambiwa nani kaua?"

"Hawajaambiwa kitu. Wanakuja hapa kila asubuhi, wanakaa kwenye benchi."

"Wale nawaona nikipelekwa chooni. Wanne. Wananiangalia mimi." Akaiweka sawa kola yake. "Andika."

Inspekta akaandika. Karatasi moja na nusu. Kwamba geti lilifunguliwa, kwamba shuka halikufunuliwa, kwamba tiki ya gari la nne iliwekwa bila ukaguzi. Alipomaliza akamsogezea karatasi na kalamu, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini.

Mzee hakusaini. Aliivuta karatasi karibu, akafinya macho, akaanza kusoma kutoka juu, midomo inacheza. Alipomaliza mstari wa kwanza akaweka tiki pembeni. Ndogo, safi, mkia umenyooka. Wa pili, tiki. Alisoma kila mstari mara mbili. Nje jua lilikuwa linashuka, askari wa zamu akachungulia mlangoni, Inspekta akamfukuza kwa mkono.

Mstari unaosema tiki ya gari la nne ilikuwa ya uongo aliusoma mara tatu. Kalamu ikasimama juu yake. Halafu akaweka tiki na hapo, akasaini chini, akaifunika kalamu kofia yake na kuirudisha.

"Hii nimeikagua," akasema.